Unapiga Moyale na Nduthi? Hizi Ndizo Spea za Kubeba

Nairobi hadi Moyale ni zaidi ya kilomita 750 na lami iko hadi mwisho. Noma inaanza ukishaacha Isiolo. Marsabit iko mbele zaidi ya kilomita 250, na katikati ni senta chache tu kama Archers Post, Merille na Laisamis. Kebo ikikatika hapo jioni, fundi ni wewe.

Lakini usibebe duka zima. Kila spea iulize maswali matatu: ikiharibika, nduthi inasimama? Naweza kuibadilisha mwenyewe kando ya barabara? Huko mbele nitaipata? Boxer na TVS spea zake ziko karibu kila mahali penye boda. Kama yako ni ile kubwa ya kutoka majuu, usitegemee kupata chochote njiani.

Tyubu. Beba ya mbele na ya nyuma, viraka, gundi, pampu na leva mbili za kutoa tairi. Tairi ikiwa tubeless, beba zile kamba za kuziba. Na usisahau spana ya nati ya gurudumu. Wasee wengi hubeba tyubu halafu wanashindwa kutoa gurudumu!

Kebo ya klachi. Ujanja ni huu: pitisha mpya kando ya ile ya zamani kabla hujatoka, ufunge ncha zake na tepu. Ya kwanza ikikatika, unahamisha tu ncha. Kebo ya mafuta nayo iweke kwa begi.

Linki ya cheni. Iwe saizi ya cheni yako. Nduthi nyingi ndogo ni 428. Ukifunga klipu, upande wake ulio wazi uangalie nyuma, kinyume na vile cheni inaenda.

Plagi na spana yake. Ni ndogo, bei poa, na bila hiyo injini haiwaki.

Leva za klachi na breki. Ukianguka hata mara moja, hizi ndizo huvunjika.

Fyuzi. Ziwe za ampea ileile. Ukiweka waya ama foili ya sigara, utachoma nyaya zote.

Ongeza tepu, waya na zip tie kadhaa, basi.

Breki pedi, sproketi na oili hazibebwi. Hizo unabadilisha kabla ya safari. Ukienda kununua Kirinyaga Road, beba ile ya zamani uwaonyeshe. Na ukibadilisha kebo nzima bado, usitupe: ishakaa kwa nduthi yako, unajua inatosha.

Mwisho, Jumamosi moja kabla ya safari, toa gurudumu la nyuma hapo kwa ploti ukitumia vyombo vya kwa begi pekee. Ukikwama, afadhali ucheke na majirani kuliko ulie peke yako Merille.