Miembe ya Kitui na Makueni hupogolewa kabla ya mvua ya Machi, si wakati wa baridi

MKULIMA wa Kitui au Makueni anayeingia shambani na msumeno mwezi wa Julai, kwa kuwa ndipo kazi nyingine zimepungua, huenda akajinyima mavuno ya msimu mzima. Mwembe hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Anayezikata ncha hizo baridi ikiwa imekwisha kuingia hukata pia maua ambayo bado hayajaonekana kwa macho.

Wakulima wengi wanaogopa kupogoa kwa sababu hiyo hasa: waliwahi kukata, mti ukakosa kuzaa, wakaapa kutougusa tena. Kosa halikuwa la msumeno bali la kalenda.

Ukambani hupata mvua mara mbili kwa mwaka, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba, ambayo ndiyo hutegemewa zaidi. Maembe mengi huvunwa kati ya Desemba na Machi. Baada ya mavuno kuna majuma machache kabla ya mvua kuanza, na hapo ndipo pa kukata. Mvua ikinyesha, machipukizi mapya huchomoza yakiwa na rangi ya shaba, kisha majani yake hugeuka kijani na kuwa magumu. Ifikapo Juni na Julai, usiku unapopoa na udongo kukauka, chipukizi lililokomaa huacha kutoa majani na kutoa maua. Lililo changa bado halina uwezo huo.

Tofauti za mahali lazima zizingatiwe. Katika vilima vya Mbooni na Kilungu, ambako baridi ni kali kuliko nyanda za chini, chipukizi huchukua muda mrefu zaidi kukomaa, kwa hivyo kuchelewesha kazi hadi Aprili ni kujitafutia hasara. Huko Mutomo na Kathonzweni joto huharakisha ukuaji, lakini maji ndiyo shida. Mti uliokatwa sana katika mwaka ambao mvua ya Machi imekosekana hukosa nguvu ya kuchipua upya. Mkulima wa sehemu hizo ni afadhali akate kidogo kila mwaka.

Kazi huanza mche ukiwa mdogo. Mche wa kupandikizwa ukifika kimo cha kiunoni, ncha yake hukatwa, kisha huachwa machipukizi matatu au manne yanayoelekea pande tofauti. Yasitoke mahali pamoja kwenye shina, la sivyo yatapasuka siku yatakapolemewa na matunda. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo cha kupandikizia ling’olewe mapema. Hilo ni la mti wa kienyeji uliobeba kikonyo, na likiachwa, mkulima aliyenunua Apple au Kent atajikuta akitunza mwembe mwingine kabisa.

Kwa mti unaozaa, yaondolewe kwanza matawi makavu na yenye ugonjwa, halafu yale yanayosuguana na yanayokua kuelekea ndani. Katikati ya mti pafunguke ili jua na upepo vipite. Upepo huo ndio unaokausha umande, na mti unaokauka upesi hausumbuliwi sana na ugonjwa wa madoa meusi. Matawi yanayogusa ardhi pia huondolewa. Urefu wa mita nne hivi unatosha. Mti mrefu kupita hapo huvunwa kwa kutikiswa au kupigwa fimbo, na embe lililoanguka chini hupondeka na kukataliwa na mnunuzi.

Panga halifai kwa kazi hii, ingawa ndilo lililo karibu katika kila boma, kwa maana huchana gamba na kuacha jeraha lisilopona vizuri. Tumia msumeno, na kwa vitawi mkasi wa kupogolea. Tawi kubwa likatwe kwanza kidogo upande wa chini, ndipo likatwe juu, ili lisianguke na gamba la shina. Utomvu wa mwembe huunguza ngozi na macho, kwa hivyo mkataji ajifunike mikono.

Miembe mikubwa ya zamani, ile ambayo kivuli chake hukaliwa na mkutano mzima, haifai kushushwa kwa siku moja. Theluthi moja ya matawi kwa mwaka inatosha. Shina lililozoea kivuli huungua likipigwa na jua ghafla, na hupakwa chokaa iliyochanganywa na maji kulikinga. Mkulima ajue pia kwamba mti wa namna hiyo hupunguza mazao kwa msimu mmoja au miwili.

Faida ya mti mfupi iliongezeka baada ya nzi wa matunda kutoka Asia kugunduliwa nchini mwaka wa 2003. Nzi huyo hutaga mayai ndani ya embe, na ni kwa sababu yake Kenya ilisimamisha mauzo ya maembe katika nchi za Muungano wa Ulaya mwaka wa 2014, hadi yaliporejea mwaka wa 2021. Mitego na dawa havitoshi ikiwa maembe yaliyooza yamebaki kileleni pasipofikiwa na mtu. Katika mti uliopogolewa kila tunda hufikiwa. Yaliyoharibika hutiwa katika mfuko mweusi wa plastiki, ukafungwa na kuachwa juani siku kadhaa hadi mabuu yafe.

Matawi makubwa yaliyokatwa huenda jikoni yakawa kuni. Vitawi vikavu vyenye madoa meusi visiachwe chini ya mti. Vichomwe kabla ya mvua, kwa kuwa matone ndiyo yanayorusha ugonjwa huo hadi kwenye maua na matunda machanga.