Kabla ya "Literally" Kulikuwa na "Very"

Sema "I'm literally dying" mbele ya mtu mzima uone. Utaambiwa kizazi chenu kimeharibu Kiingereza. Sawa, lakini hebu turudi nyuma kidogo tuone mchezo huu ulianza lini.

Kiingereza cha kale, kile cha kabla Wanormani watoke Ufaransa kuvamia Uingereza mwaka wa 1066, kilikuwa na neno "swithe". Mzizi wake ni nguvu, lakini watu walilitumia vile sisi tunatumia "sana". Leo ukilisema hapo London hakuna atakayekuelewa. Lilizoeleka, likachakaa, likaachwa.

"Very" nayo ilitoka kwa Kifaransa cha hao wavamizi, na mzizi wake ni Kilatini "verus", yaani kweli. Mwanzoni "very knight" ilikuwa shujaa wa ukweli, si feki. Polepole ule ukweli ukapotea, ikabaki kukoleza tu. "Really" ikapita njia hiyo hiyo, halafu "literally". Kila mara ni hivi: mtu anataka aaminiwe, anaapa ni kweli, wote wanaanza kuapa, kiapo kinaisha uzito. Anatafutwa mwingine.

Njia nyingine ni woga. "Terribly" ilikuwa ya kutisha, "awful" ilikuwa kitu cha kukutia hofu na heshima. Leo mtu ni "awfully nice". Na usicheke, kwa sababu hapa kwetu mtu ni mrembo hatari na umechoka ile mbaya.

Kelele za wazee pia si mpya. Mwaka wa 1754, Lord Chesterfield aliandika kwa gazeti la The World akiwafanyia mzaha wanawake wa tabaka la juu kwa kutumia "vastly" kila mahali. "Vastly" ni ya kitu kikubwa mno, na kuna mmoja aliyeisifu nayo kopo la ugoro kwa udogo wake! Mark Twain naye, kwa The Adventures of Tom Sawyer ya 1876, alitumia "literally" kuelezea utajiri wa Tom, na utajiri wenyewe ulikuwa marumaru na takataka za watoto. Huyo hatumwiti mharibifu. Tunamwita mwandishi mkubwa.

Mwaka wa 2003 watafiti Rika Ito na Sali Tagliamonte walichapisha utafiti wa mji wa York, Uingereza. Wazee walishikilia "very", vijana "really". Miaka miwili baadaye, Tagliamonte na Chris Roberts wakachambua kipindi cha Friends, wakapata "so" ndiyo inaongoza, hasa kwa wahusika wa kike. Kwa hivyo wale wanaochekwa, wanawake na vijana, ndio mara nyingi hutangulia. Wengine huja nyuma wakilalamika.

Kwa hivyo ongea vile unaongea. Wasiwasi wangu ni mwingine kabisa. Tumesema "literally dying" kwa meme, kwa joto, kwa foleni ya matatu. Sasa beshte yako akikutext saa nane usiku, "I'm literally not okay", utajuaje hii ni ile ya ukweli? Kwa maandishi huwezi jua. Neno limeshachoka. Usimtumie emoji ya kucheka, msee. Mpigie simu usikie sauti yake.