VPN ikikwama au kuzorota: Tafuta penye hitilafu kabla ya kuizima

KWA mfanyakazi anayeishi Entarara, Kitengela au kwingineko katika Kaunti ya Kajiado, huku akihudumia ofisi ya Nairobi kupitia intaneti, VPN ndiyo mlango wa kazini. Mlango huo ukikataa kufunguka, saa za kazi hupotea na malipo huingia hatarini. Naye akiizima kwa hasira ili aendelee na shughuli, huenda akaziacha siri za mwajiri na za wateja bila ulinzi.

VPN ni njia ya faragha inayopitishwa ndani ya intaneti ya umma. Data hufumbwa kabla ya kutoka kwenye rununu au tarakilishi yako, husafiri hadi kwenye seva ya VPN, hufumbuliwa hapo, kisha huendelea hadi kwenye tovuti uliyoikusudia. Kwa hivyo, hitilafu inaweza kuwa katika mojawapo ya sehemu nne: kifaa chako, mtandao wa hapo ulipo, safari ya kuifikia seva, au seva yenyewe. Kazi ya kwanza ni kujua ni sehemu gani. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha ujaribu tena. Ukibadilisha matano kwa mpigo hutajua ni lipi lililofaa.

Anza kwa kupima

Funga shughuli zote za kazi, zima VPN kwa dakika chache, kisha upime kasi ya intaneti. Andika matokeo. Washa VPN na upime tena.

Kupungua kidogo ni jambo la kawaida. Itifaki ya WireGuard, kwa mfano, huongeza takriban baiti 60 kwenye kila kifurushi cha data cha baiti 1,500, yaani asilimia 4. Kasi ikishuka kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 9 au 8, usiilaumu VPN. Ikishuka hadi 1, kuna jambo la kuchunguza.

Lakini ikiwa kasi ni 1 hata VPN ikiwa imezimwa, tatizo ni la mtandao wenyewe, na hakuna VPN iwezayo kukupa kasi ambayo laini yako haina. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota nchini Kenya, Tanzania na mataifa jirani. Siku kama hiyo, kubadilisha mipangilio ya VPN ni kujichosha bure.

Inapokataa kuunganika

Kwanza, hakikisha kwamba bando halijaisha. Stima ikiwa ilipotea na kurejea, zima ruta, subiri kidogo, kisha uiwashe upya. Katika mikahawa na hoteli, WiFi nyingi hutaka ujisajili kwenye ukurasa maalumu, na VPN iliyowashwa huuzuia ukurasa huo usionekane. Izime, jisajili, kisha uiwashe.

Pili, tazama saa na tarehe ya kifaa. Seva hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kifaa kilichorudi nyuma mwaka mmoja hukikataa cheti halali kikidhani muda wake bado.

Tatu, chunguza ikiwa akaunti yako imeisha muda, neno la siri limebadilishwa, au kuna VPN mbili zinazogombania kifaa kimoja. Programu ya kukinga virusi nayo yaweza kuifungia VPN njia.

Nne, huenda mtandao unaoutumia umefunga milango ya VPN. OpenVPN kwa kawaida hutumia mlango wa UDP 1194, WireGuard UDP 51820, na IKEv2 UDP 500 na 4500. Baadhi ya shule na ofisi huifunga milango hiyo. Ikiwa programu yako inaruhusu, chagua TCP 443, mlango uleule unaotumiwa na tovuti salama. Njia hii huwa na mwendo wa pole, lakini hupenya pale nyingine zinapokwama. Kuunganisha kifaa kupitia data ya simu badala ya WiFi kutakuonyesha mara moja ikiwa kosa ni la mtandao huo.

Hata hivyo, VPN ina mipaka. Intaneti yote ikizimwa, kama ilivyotokea Uganda Januari 2021 na Tanzania kuanzia Oktoba 29, 2025, nchi zote mbili zikiwa katika uchaguzi, VPN haina barabara ya kupitia.

Imeunganika lakini kurasa hazifunguki

Ikiwa jumbe fupi zinapita lakini picha na kurasa nzito zinakwama, shuku ukubwa wa vifurushi vya data, unaojulikana kama MTU. Kifurushi kikishaongezewa mzigo wa VPN huwa kikubwa kuliko njia, kikatupwa. Ipunguze MTU hadi 1,280 kwenye mipangilio ya VPN, kisha ujaribu tena.

Ikiwa hakuna jina la tovuti linalopatikana, kosa huenda ni la DNS, yaani daftari la intaneti linalogeuza majina kuwa namba. Zima VPN na uiwashe. Hali ikibaki vilevile, tumia DNS inayopendekezwa na mwenye VPN.

Inapokuwa na mwendo wa kobe

Umbali una gharama. Mwanga ndani ya nyaya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 kwa njia ya moja kwa moja, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 68, na nyaya zinazopitia Mombasa na baharini huurefusha mwendo huo. Anayefungua tovuti iliyoko Nairobi kupitia seva ya London huivuka safari hiyo kwenda na kurudi kwa kila ombi. Chagua seva ya Nairobi ikiwepo, au ya Johannesburg, iliyo umbali wa kama kilomita 2,900.

Seva ikiwa ni ya mwajiri, huna la kuchagua. Waulize mafundi wa kampuni ikiwa wanaruhusu data ya kazi pekee ipitie VPN, na video na mengineyo yapite njia ya kawaida.

Usikimbilie PPTP, itifaki ya miaka ya 1990, kwa sababu tu ni nyepesi. Ulinzi wake ulivunjwa zamani. Afadhali WireGuard au IKEv2. Nyumbani, sogea karibu na ruta: mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini hudhoofika haraka yanapopita kwenye kuta za mawe.

Inapokatikakatika

Simu nyingi huzima programu zinazofanya kazi kichinichini ili kuokoa betri. Iondoe VPN kwenye orodha hiyo. Kwa WireGuard, mpangilio wa kutuma ishara kila sekunde 25 huzuia njia kufungwa kwa kukaa kimya.

Wakazi wa mpakani, kama Namanga na Loitokitok, watazame ikiwa simu imerukia mtandao wa Tanzania. Chagua mtandao wako wewe mwenyewe badala ya kuiachia simu. Pia, washa kinga inayokata intaneti VPN inapoanguka, ili data isipite wazi bila wewe kujua.

Tahadhari

VPN ikisumbua, wengi hupakua yoyote ya bure. Kumbuka kisa cha Onavo, VPN ya bure iliyonunuliwa na Facebook mwaka wa 2013: ilikusanya habari za jinsi watumiaji walivyotumia programu nyingine, ikaondolewa kwenye duka la Apple mwaka wa 2018 na kufungwa mwaka wa 2019. Anayekupitishia data ndiye unayemkabidhi siri zako.

Kenya haina sheria inayopiga marufuku VPN yenyewe. Ng'ambo ya mpaka, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilitoa ilani Oktoba 2023 ikiwataka wanaotumia VPN kujisajili. Anayevuka kwenda kufanya kazi huko aulize kwanza.

Ukishindwa kabisa, mwandikie fundi wa ofisi ukimweleza saa tatizo lilipoanza, mtandao unaotumia, jina la seva, maneno kamili ya kosa yaliyotokea kwenye skrini, na kasi uliyopima VPN ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Fundi aliye Nairobi hawezi kuiona skrini iliyoko Entarara, lakini maelezo hayo matano yatamwonyesha pa kuanzia.