Nailoni juu ya muthokoi: kazi ambayo marufuku ya 2017 haikumaliza

Wasee, tuongee kuhusu ile nailoni inayofunikwa juu ya sufuria ya githeri au muthokoi hapa Machakos, ndiyo mvuke usitoke na makaa yasiishe haraka. Mimi nasema iachwe, na sababu iko kwenye historia yake.

Polithini, plastiki ya mifuko, ilipatikana kwa bahati tu. Machi 1933, Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI, Northwich, Uingereza, walikuwa wanajaribu gesi ya ethilini kwenye presha kali. Wakapata kitu cheupe kama nta. Vita vya Pili vilipokuja, kikafunika nyaya za rada. Mnaona? Nyaya, si chakula.

Mwaka wa 1953, Karl Ziegler wa Ujerumani akapata njia ya kutengeneza polithini ngumu, kama ile ya mitungi ya maji. Tofauti ni mpangilio. Minyororo ya molekuli ikinyooka, inapangana kama matofali na kuwa fuwele. Ikiwa na matawi, kama kwa nailoni laini, sehemu kubwa inabaki imevurugika kama tambi.

Sasa, kiwandani huongezwa kemikali, mfano za kuzuia plastiki isizeeke. Hazipenyi kwenye fuwele. Zinapita kwenye zile tambi. Machakos iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, kwa hivyo maji huchemka karibu nyuzi 95. Nailoni laini huyeyuka karibu 110, lakini fuwele zake ndogo huachia mapema. Njia zinafunguka, kemikali zinatembea haraka, na chakula kiko hapo chini. Ni kweli joto likidhibitiwa na plastiki ipoe polepole, fuwele huongezeka. Lakini hiyo ni kazi ya kiwanda, si ya jiko.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, faini hadi milioni 4 ama jela hadi miaka 4. Lengo lilikuwa taka. Mambo ya sufuria tuliachiwa wenyewe.

Na tusimtukane mama wa githeri. Anaokoa makaa, na bei tunayotaka ni ileile ya chini. Wateja wake kumi tukichanga, tunamnunulia mfuniko wa sufuria. Hiyo haihitaji sheria.