Sili si Kizibo

Ukitafuta kwenye kamusi jina la kile kipete cha chuma na mpira kinachozuia oili isitoke pembeni mwa shafti, utarudishwa ofisini: muhuri, lakiri. Ukiendelea kutafuta utapewa kizibo au kizuizi. Fundi wa mashine za boti hasemi hata moja kati ya hayo. Anasema "oili sili", au "sili" tu, na muuza spea anamwelewa. Ni kweli kwamba kwenye vitabu vya shule sili ni mnyama wa bahari za baridi, na kwamba "sili" ni jibu la mtu aliyekaribishwa chakula naye ameshiba. Lakini sijasikia mtu aliyekwenda kununua spea akauziwa mnyama.

Napendelea neno hili libaki, kwa sababu mengine yote yanaeleza kazi ya kitu kingine. Kizibo hufunga tundu lisipitishe kitu. Sili hukaa mahali ambapo tundu haliwezi kufungwa, kwa kuwa shafti inapita humo humo, tena inazunguka. Kwa nje ina ganda lililokazwa kwenye nyumba yake. Kwa ndani ina mdomo mwembamba wa mpira unaogusa shafti, na springi ndogo ya mviringo inayoubana mdomo huo usilegee. Inazuia huku inasuguliwa. Ndiyo maana kuipaka silikoni kwa nje hakusaidii, na ndiyo maana hata iliyo bora siku moja itakwisha. "Kizuia mafuta" nalo lina kasoro yake: mwenye boti akilalamika kwamba mafuta yamemwishia njiani, anazungumzia petroli. Oili tuiite oili.

Kitenzi chetu cha kuvuja, kwa upande mwingine, kinafaa kuliko tunavyodhani. Ndoo ikivuja, maji yanatoka. Dau likivuja, maji yanaingia. Giaboksi ya mashine ya boti, ile iliyo chini kabisa karibu na rafadha, huvuja kwa maana zote mbili. Mashine ikifanya kazi, oili inapata moto, inatanuka na kutafuta pa kutokea. Ukizima, giaboksi ikiwa bado majini, oili inapoa na kusinyaa, nayo huvuta maji kupitia mdomo uleule uliochoka. Anayekagua matone mchangani tu ameona nusu ya ugonjwa, tena ile nafuu. Maji yaliyoingia ndiyo yanayokula beringi na meno ya gia kimyakimya.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kinachodondoka ni oili ya gia kweli. Kwenye mashine nyingi zinazochanganya oili na petroli, moshi hutokea katikati ya rafadha, na oili isiyoungua hutoka nao, nyeusi na nyepesi. Doa hilo limewatoa watu pesa za sili ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Oili ya gia ni nzito, inanata vidoleni, na ina harufu kali ya salfa.

Iache mashine imesimama wima usiku kucha, kisha asubuhi legeza skrubu ya chini ya giaboksi taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia kutoka. Yakiwa yamekwisha kuchanganyika nayo, oili itatoka na rangi ya chai ya maziwa. Ukikuta na vipande vya chuma vinavyoshikika kwa kidole, basi gia au beringi zimeanza kulika na sili peke yake haitatosha.

Oili ikishatoka yote, kati ya matundu mawili ya skrubu, la chini na la juu, funga moja, na kwenye jingine unganisha mpira wenye geji, ujaze upepo kwa pampu ya mkono hadi psi 10 au 15. Usiunganishe kompresa ya gereji moja kwa moja. Upepo ukizidi utapindua midomo ya sili zilizokuwa nzima. Sindano isipocheza kwa dakika kadhaa, usishangilie bado. Zungusha shafti kwa mkono, isukume huku na huku, tikisa na fimbo ya kubadilishia gia. Sili iliyolika inaweza kuzuia shafti ikiwa imetulia, ikaachia inapozunguka. Paka maji ya sabuni utazame mapovu. Mvujo wa shafti ya wima hujificha chini ya pampu ya maji, kwa hiyo hapo ni afadhali kuizamisha giaboksi nzima kwenye pipa. Kisha fanya kinyume chake, vuta upepo badala ya kujaza, maana mdomo unaozuia oili isitoke si lazima uwe ndio unaozuia maji yasiingie.

Mahali pa kwanza pa kushuku ni nyuma ya rafadha. Mshipi wa nailoni uliookotwa baharini hujizungusha kwenye shafti, ukasogea ndani hadi kwenye sili na kuikata. Mara nyingi hapo hukaa sili mbili, na mpangilio wake hutofautiana kwa watengenezaji. Tazama, ikiwezekana piga picha, kabla ya kuzing'oa. Kwa kawaida upande wenye springi hutazama kile kinachozuiwa. Namba tatu zilizochapwa kwenye sili kwa kawaida ni kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa milimita.

Kabla ya kupachika mpya, pitisha ukucha juu ya shafti pale mdomo ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haitadumu. Hapo fundi mzuri huivalisha shafti bati jembamba la kuzunguka, au huikaza sili kina tofauti kidogo, nyumba yake ikiruhusu, ili mdomo upate sehemu ambayo haijalika. Tia grisi kati ya sili mbili, zigonge kwa soketi yenye upana wa ganda, zisiende upande.

Viungo visivyozunguka ni habari nyingine. Gasketi na o-ringi hubanwa kati ya vitu vilivyotulia, sawa na pamba yenye sifa, yaani mafuta ya samaki, inayoshindiliwa kati ya mbao za jahazi. Wanaotunga istilahi wakitaka neno letu wenyewe kwa gasketi, kalafati lipo tangu zamani. Kwa sili halifai.

Oili mpya huingizwa kutoka tundu la chini, ikisukuma upepo mbele yake, hadi itokee tundu la juu. Funga la juu kwanza, ndipo uchomoe mpira na kufunga la chini haraka. Weka washa mpya kwenye skrubu zote mbili. Washa hizo ni rahisi kuliko sili yoyote, na mara kadhaa giaboksi nzima imefunguliwa kwa kosa lake.