Usiku Tuliozima Taa Katesh

Historia tuliyofundishwa darasani ilikuwa ya mambo ya ardhini: wafalme, vita, mikataba, reli. Ya angani tuliambiwa ya Galileo tu, ambaye mwaka 1610 alielekeza darubini kwenye Mshtarii akaona miezi minne ikiizunguka. Nilikua nikiamini kwamba kabla ya Mtaliano yule watu walikuwa wakilala tu mara jua likizama. Usiku mmoja wa Katesh ndio ulionizindua.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa likabaki kama pete, na watu wengi walifunga safari hadi Rujewa, Mbarali, kulitazama. Sisi wa Hanang tuliliona limemegwa tu. Basi mimi na wenzangu watatu tukaapa: likija jambo jingine, litatazamwa hapahapa. Likaja. Usiku wa 27 Julai 2018 mwezi ungepatwa wote kwa dakika 103, muda mrefu kuliko kupatwa kwingine kokote kwa mwezi katika karne hii ya 21.

Tukapata kibali kwa mtendaji, tukapita sokoni na kipaza sauti juu ya pikipiki. Darubini tuliahidiwa mbili. Ya pili, ya shule moja, haikufika: eti stoo imefungwa na mwenye ufunguo kasafiri. Darubini ya kufungiwa stoo, jamani! Tukabaki na moja ya kuazima, na foleni inazunguka uwanja. Kila mtu nusu dakika. Wakaiona Mshtarii na vinyota vyake kandokando, wakaiona Zohali na pete yake. Kijana mmoja alichungulia mdomo wa darubini kuhakikisha hatujabandika picha.

Saa 4:30 usiku mwezi wote ulikuwa umeingia kivulini, mwekundu kama chungu kipya, na Mirihi inawaka karibu yake. Tukaomba maduka yazime taa. Yakazima. Ndipo nyota zilipojaa, na mlima Hanang ukabaki weusi mtupu juu yetu.

Bibi yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kajifunika blanketi. Alikuwa na mtoto wa jicho, darubini haikumsaidia kitu. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, kilimia kimetoka?"

Nikamjibu, "Bado, Bibi."

"Basi kazi yenu haijaisha."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza jinsi baba yake alivyokuwa akiamka usiku kukitazama kile kikundi cha nyota, akahesabu miezi iliyobaki kabla ya kuandaa shamba. Na jina lenyewe la Kiswahili si linatokana na kulima? Mzee mwingine akakumbusha kwamba kwa Kiiraqw jua na Mungu wana jina moja, Looa, naye ni mama. Wa tatu akasema Wahadzabe wa Yaeda Chini, kule Mbulu, hucheza ngoma yao ya epeme usiku usio na mwezi. Giza kwao lina kazi yake. Kumbe tulikuwa tumewapelekea anga watu waliokuwa nalo siku zote, na kwenye ratiba yetu, iliyojaa hotuba za sisi vijana, hatukuwawekea hata dakika tano.

Saa 7:19 kivuli kiliuachia mwezi. Wengi wakaenda kulala. Sisi wachache tukabaki na Bibi kwenye baridi ile, hadi saa 8 na kitu.

"Kimetoka, Bibi."

Akageuza uso mashariki, akanyamaza.

Bibi alifariki mwaka 2021. Daftari langu la usiku ule lina kurasa sita za kibali, mafuta ya pikipiki na foleni. Maneno yake yako nusu ukurasa. Jina alilokiita kilimia kwa lugha yake alinitajia, nami sikuliandika. Nilidhani nitamuuliza tena.

Wewe unayetaka kuandaa usiku wa nyota kwenu, anza na wazee. Darubini inaweza kusubiri, hata stoo. Wao hawawezi.