Mzinga Mdogo Uliofika Tanganika

Zamani manowari kubwa zilijivuna kwa mizinga yao mizito na kuta zao za chuma. Lakini mwaka wa 1866 Mwingereza Robert Whitehead, aliyefanya kazi katika mji wa Fiume, alitengeneza torpedo: chombo kama samaki wa chuma, kiendacho chenyewe majini, kichwa chake kimejaa baruti. Tangu hapo chombo kidogo chenye mbio kiliweza kuiua manowari. Huko Chile, tarehe 23 Aprili 1891, manowari Blanco Encalada ilipigwa torpedo katika ghuba ya Caldera, ikazama upesi pamoja na watu karibu 180.

Kwa nini mizinga mikubwa haikuiokoa manowari? Kwa sababu ilikuwa mizito kugeuza, na kuijaza kulichukua muda mrefu. Adui amekwisha kufika. Kwa hiyo mafundi walitafuta mzinga mwepesi wa kupiga upesi. Kampuni ya Mmarekani Benjamin Hotchkiss, yenye kiwanda Ufaransa, ilitengeneza mmoja wenye tundu la milimeta 47 na risasi ya kilo moja na nusu. Manowari nyingi za miaka ya 1880 na 1890 zilipewa mizinga hiyo.

Lakini adui naye hakulala. Mashua za torpedo zikazidi ukubwa, na torpedo zikaenda mbali zaidi. Manowari Dreadnought ya mwaka 1906 ilipewa mizinga ya risasi za kilo zaidi ya 5. Ule mdogo ukawa kama mzee aliyestaafu.

Hata hivyo ulipata kazi kwetu Kongo. Mwaka wa 1914 Wadachi walitawala ziwa Tanganika kwa meli zao, nao waliiharibu meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune, huko Lukuga, mahali paitwapo leo Kalemie. Mwaka wa 1915 Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kila moja na mzinga mmoja wa Hotchkiss mbele. Zilitoka Cape Town kwa gari la moshi mpaka Fungurume. Kutoka hapo zilikokotwa zaidi ya kilometa 200 katika milima ya Mitumba. Watu wa nchi walifyeka msitu, wakajenga madaraja, wakabeba maji. Vitabu vyakumbuka majina ya maofisa. Majina yao hao hayakuandikwa.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku ya pili ya Noeli, mashua hizo ziliishinda Kingani kwa dakika chache tu. Meli hiyo ikatengenezwa, ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi ziliizamisha Hedwig von Wissmann. Mwezi wa Julai Wadachi wenyewe waliizamisha Goetzen, meli yao kubwa, karibu na Kigoma, isitekwe.

Kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mitambo yake grisi. Ikaopolewa mwaka 1924, na tangu 1927 ikachukua abiria kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 ilirudisha Kongo maelfu ya wakimbizi wetu waliokuwa ng'ambo ya ziwa. Meli iliyotumika vitani iliwarudisha akina mama na watoto nyumbani. Tumwombe Mungu vyombo vyetu vyote vipate kazi ya namna hiyo.